Mgomo wa Wauguzi Kenya 2017: Posho Ziliandikwa, Wodi Ikasahaulika

Juni 5, 2017, wauguzi wa hospitali za kaunti nchini Kenya walivua sare wakaenda nyumbani. Walirudi Novemba 2. Katikati hapo nchi ilipiga kura Agosti 8, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais Septemba 1, kura ikarudiwa Oktoba 26, na muda huo wote wodi za kaunti nyingi zilikuwa tupu au zimefungwa kufuli. Madaktari nao walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye mgomo wao wa siku 100, uliokwisha Machi 14. Ukijumlisha, mwananchi anayetegemea hospitali ya serikali alipata miezi isiyofika mitatu ya huduma kamili kati ya Desemba 2016 na Novemba 2017.

Mgomo huu umesimuliwa sana kama kisa cha pesa. Wauguzi walidai, serikali ikakataa, wakavutana, wakaafikiana. Siupingi usimulizi huo, maana pesa zilikuwepo na zilikuwa muhimu. Ila ukiufuata mgomo hatua kwa hatua, kisha ukaangalia yaliyofuata hadi leo, unaona kwamba kilichotiwa saini hakikuwa kile kinachowafanya watu waache kazi. Marupurupu yaliandikwa kwa sababu yanaandikika: kiasi fulani, kwa daraja fulani, kuanzia tarehe fulani. Hali ya wodi haikuandikwa popote.

Mwajiri ni nani?

Tuanze na jambo ambalo mtu wa nje hulipita haraka. Kabla ya 2013 muuguzi wa serikali alikuwa mfanyakazi wa Wizara ya Afya. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa kwa upande wa ugatuzi, hospitali zote isipokuwa zile za rufaa za kitaifa zilikabidhiwa kaunti 47. Muuguzi akalala akiwa na mwajiri mmoja, akaamka kwa mwingine.

Huyo mwingine naye hakuwa na mamlaka kamili. Kaunti ndiyo inayoajiri na kulipa, kupitia bodi yake ya utumishi wa umma. Pesa zinatoka Hazina ya Kitaifa, na mara nyingi zinachelewa. Viwango vya mishahara na marupurupu vinaamuliwa na tume ya mishahara, SRC. Sera inaandikwa na Wizara ya Afya huko Nairobi. Muuguzi akiuliza kwa nini hajalipwa, gavana anamwonyesha Hazina. Akiuliza kwa nini nyongeza haijaingia, gavana anamwonyesha SRC. Akienda wizarani anaambiwa afya imegatuliwa, arudi kwa gavana.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwishoni mwa 2016. Wauguzi waligoma Desemba pamoja na madaktari, lakini wao walirudi kazini kabla ya wiki mbili kuisha kwa sababu walipewa ahadi ya nyongeza ya marupurupu. Kilichobaki ni CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama chao, KNUN, na waajiri, utiwe saini na kusajiliwa mahakamani. Miezi ikapita. SRC ikasema gharama yake ni kubwa mno na haibebeki. Baraza la Magavana likasema haliwezi kutia saini kitu ambacho SRC haijakipitisha. Katibu mkuu wa chama, Seth Panyako, akasema wanachama wake wamedanganywa, na Juni wakatoka.

Mtu akikaa akalitafakari hili, ataona kwamba mgomo wa Juni ulianza Desemba, siku waliporudi kazini kwa kuamini neno. Waliorudi upesi ndio walioachwa wakisubiri. Madaktari, waliokaa nje siku 100, walirudi na karatasi mkononi. Sijui kama yupo aliyekusudia kuwafundisha wauguzi somo hilo, lakini walilielewa barabara, na miezi mitano ya 2017 ni matokeo yake.

Wakati wa mgomo, baadhi ya kaunti zilisitisha mishahara. Baadhi ya magavana walitishia kuwafuta kazi wote na kuajiri wengine. Wajawazito walielekea hospitali za misheni na za binafsi, wenye uwezo kwa kulipa na wasio na uwezo kwa kukopa, au wakajifungulia nyumbani. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo wauguzi wake hawako chini ya kaunti, ilifurika. Kisha Novemba 2 Baraza la Magavana na chama wakatia saini mkataba wa kurejea kazini. Ndani yake mlikuwa na marupurupu ya uuguzi na posho ya sare, yakipandishwa kwa awamu kulingana na daraja.

Saa nane usiku kwenye wodi ya watoto wachanga

Sasa twende mahali ambapo mkataba huo haukufika. Nimechagua wodi ya watoto wachanga, wale waliozaliwa kabla ya wakati au wagonjwa, kwa sababu pale uhaba wa wauguzi unahesabika kwa dakika. Nairobi kuna watafiti waliokaa ndani ya wodi za namna hii miaka hiyo hiyo, wakitazama kwa macho nani anafanya nini, badala ya kuwagawia wauguzi fomu za maswali. Walichokuta katika hospitali za umma ni muuguzi mmoja kwa watoto 15, na wakati mwingine zaidi.

Tupige hesabu. Mtoto asiyeweza kunyonya hulishwa kwa mrija unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, kila baada ya saa tatu. Zamu ya usiku ya saa 12 ina milo minne. Watoto 15 mara milo minne ni milo 60. Kila mlo, ukiufanya inavyopasa, yaani kunawa mikono, kuhakikisha mrija uko tumboni na haukuhamia kwenye mapafu, kupima maziwa, kuyaacha yashuke polepole yenyewe, kumtazama mtoto asipaliwe, kisha kuandika, unakula kama dakika kumi. Hizo ni dakika 600. Saa kumi kati ya kumi na mbili zimekwisha, na muuguzi hajapima joto la mtoto hata mmoja. Hajaangalia oksijeni, hajachoma sindano ya dawa ya maambukizi, hajakagua dripu kama imevimbisha mkono. Hajampokea mtoto anayeletwa saa nane usiku kutoka chumba cha upasuaji, ambaye hapumui vizuri na anayehitaji mtu asimame naye nusu saa bila kuondoka.

Kwa hiyo hafanyi hivyo. Hawezi. Wakina mama ndio wanaolisha, wakifundishwa haraka namna ya kushika bomba la sindano na kumimina maziwa waliyoyakamua. Mama aliyepasuliwa jana anapanda ngazi kutoka wodi ya wazazi akiwa ameshika tumbo, kila baada ya saa tatu. Wanafunzi wa uuguzi wanapima joto. Mhudumu wa usafi, akiwa mwerevu na amekaa pale miaka, ndiye anayekuja kusema, "Sista, yule wa kona amebadilika rangi." Muuguzi mwenyewe anazima moto: anakwenda kwa mtoto aliyezidiwa zaidi, wale wengine anawapitia kwa jicho. Chati zinajazwa alfajiri, zote kwa mpigo, kabla wa zamu ya asubuhi hawajaingia.

Yeyote aliyewahi kukaa na wauguzi wakipumzika atakuambia kwamba kinachowachosha hapa kimepita uchovu wa miguu. Muuguzi huyu amesomea kazi yake. Anajua mtoto wa gramu 1,200 anahitaji nini na baada ya muda gani. Anajua pia kwamba usiku huu mtoto huyo hatakipata. Anatia saini chati inayosema alikipata. Asubuhi mtoto akiwa amefariki, daktari anauliza mbele ya watu, "Nani alikuwa zamu?"

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2002 kuhusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi wa wodi ya upasuaji anaongeza uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7, uwezekano wa muuguzi kuishiwa nguvu kabisa za kazi kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi yake kwa asilimia 15. Watafiti walikuwa wakilinganisha muuguzi mwenye wagonjwa wanne na mwenye wanane. Wanane! Msimamizi wa wodi wa Kenya akisikia nambari hiyo atauliza hospitali hiyo inaajiri lini.

Mzigo huu haukudondoka kutoka mbinguni. Juni 1, 2013, serikali mpya ilitangaza kuwa kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri, na ningeuunga mkono tena leo. Wakina mama walikuja, kama ilivyokusudiwa. Wauguzi wa kuwapokea hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na mwaka ule ule ndio walikuwa wanahamishiwa kwa waajiri wapya ambao hawakuwa hata na orodha kamili ya majina yao. Serikali kuu ilitangaza, kaunti ikapokea wagonjwa, na hesabu ikamalizikia kwa mtu mmoja aliyesimama kati ya vitanda 15.

Vitu vidogo vinavyomwondoa mtu

Wodi ya watoto wachanga inahitaji ujuzi wa mkono. Kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto ambao ni mwembamba kama kidole chako cha mwisho, kujua kwa kumtazama tu kwamba kupumua kwake kumebadilika, kuendesha mashine ya kusaidia pumzi: haya hayajifunzwi kwa semina ya siku mbili. Muuguzi huiva kwa mwaka au zaidi. Halafu inakuja orodha ya mzunguko. Hospitali nyingi huhamisha wauguzi kutoka wodi moja hadi nyingine kila baada ya muda, eti wapate uzoefu wa kote. Aliyeiva anapelekwa wodi ya wanaume, analetwa mgeni. Msimamizi wa wodi anaanza upya. Kwangu hii ni moja ya taratibu zisizo na utetezi, na kuirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Ugatuzi uliongeza jingine. Zamani muuguzi aliyeolewa Kisumu huku kituo chake kikiwa Garissa aliandika barua ya uhamisho, na hata ikichelewa, ofisi ya kuishughulikia ilikuwa moja. Leo uhamisho ni kati ya serikali mbili. Kaunti ya kwanza lazima imwachilie, ya pili lazima iwe na nafasi na bajeti, na mara nyingi inapendelea kuajiri wenyeji wake. Wengi huishia kuacha kazi ili waungane na familia. Kwenye takwimu ataonekana "aliyejiuzulu", kana kwamba alichoka na uuguzi.

Kupandishwa daraja kulikwama pia. Muuguzi aliyerudi shule kwa pesa zake akatoka na digrii aliweza kukaa miaka katika daraja lile la diploma kwa sababu bodi ya kaunti haikuitisha mahojiano. Bila shaka mshahara unamuuma. Lakini zaidi kuna ile ya kufundishwa kazi na kila mtu, kuanzia daktari wa mwaka wa kwanza hadi karani wa gavana, na wewe ukiwa na miaka 15 wodini.

Glavu zinapokwisha, dawa zinapokwisha, ni muuguzi anayemwambia jamaa wa mgonjwa aende kununua duka la nje. Hasira ya jamaa huyo haifiki kwa waziri wa afya wa kaunti. Inaishia palepale.

Waliondoka kwa njia gani?

Kuna uhamaji wa ng'ambo, ambao ndio unaotajwa sana. Utafiti mmoja uliochapishwa 2011, uliotumia kumbukumbu za usajili wa wauguzi Kenya, ulikuta kwamba kwa kila wauguzi 4.5 wanaoongezwa na vyuo, mmoja anaomba vyeti vyake vithibitishwe ili aende nje, wengi wakilenga Marekani na Uingereza. Hao walikuwa wakiondoka hata kabla ya ugatuzi, kwa hiyo si haki kuutwisha mgomo wa 2017 mzigo wote.

Wasiohesabiwa ni wale waliobaki nchini wakatoka wodini. Huyu amepata kazi kwenye shirika la misaada, anashughulikia ripoti. Yule amejiombea kliniki ya wagonjwa wa nje, mahali pa saa za ofisi. Mwingine bado yuko kwenye orodha ya mishahara ya kaunti, lakini siku zake za mapumziko anafanya zamu hospitali ya binafsi, na anapoingia zamu ya serikali amekuja kupumzika. Gavana akiulizwa atasema wauguzi wake wapo. Kwa majina, ndiyo.

Upande wa pili, na hili ndilo linalonitatiza zaidi, Kenya ina wauguzi waliohitimu na kupewa leseni ambao hawana kazi. Vyuo vinatoa, wodi zinalia, na katikati hakuna bajeti. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaruhusu wauguzi wa Kenya wasio na ajira kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Baadaye mwaka huo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Mitandao ikacheka wiki nzima. Wachache waliuliza swali lililokuwa mbele ya macho: serikali inapotafutia wauguzi wake kazi Uingereza, mtoto wa 15 katika wodi ile anatafutiwa nani?

Kama mkataba ungeandikwa upya

Ubaya wa mkataba wa Novemba 2017 ni kwamba haukutimizwa hata katika kile kidogo ulichoandika. Kaunti nyingine zililipa, nyingine hazikulipa, na Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa wakatoka tena kwa madai yale yale. Rais Uhuru Kenyatta akawaonya warudi kazini au wafutwe. Desemba 7, 2020, katikati ya janga la Korona, wakatoka tena, safari hii wakidai vifaa vya kujikinga, bima na posho ya hatari. Vifaa vya kujikinga. Ilibidi janga lije ndipo hali ya wodi iingie kwenye orodha ya madai, na hata hapo ilikaa jirani na posho.

Chama kina lawama yake. Viongozi wa chama huchaguliwa kwa kura, na nyongeza ya shilingi elfu kadhaa inauzika kirahisi kuliko kifungu kinachosema wodi ya watoto wachanga isiwe na chini ya wauguzi watatu usiku. Lakini kifungu hicho ndicho kingemgusa yule wa saa nane usiku. Vivyo hivyo kifungu cha kumwacha mwenye ujuzi wa wodi maalumu abaki wodini mwake akitaka, na cha kaunti kuwajibika kujibu ombi la uhamisho ndani ya siku zinazojulikana, liwe ndiyo au la.

Si ndoto. Mwaka 2006 Kenya iliwahi kuajiri kwa haraka zaidi ya wahudumu wa afya 800, wengi wao wauguzi, kwa msaada wa Marekani, ili wapelekwe vituo vilivyokuwa vigumu kupata watu, ikiwemo kaskazini mashariki na pwani. Waliajiriwa kwa uwazi, wakaambiwa mapema kituo chao ni kipi, wakapewa mafunzo mafupi, wakalipwa. Hakukuwa na siri nyingine. Baadaye serikali ikawaingiza kwenye ajira yake.

Mwaka 2020 njia kama hiyo ilijaribiwa tena. Maelfu ya wahudumu, wauguzi wakiwemo, waliajiriwa kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote. Walifanya kazi ile ile, wodi zile zile, kwa malipo pungufu kuliko wenzao wa kudumu. Mikataba ikaisha, ikaongezwa. Katikati ya 2025 walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Wizara ilisema wanahamishiwa kaunti. Kaunti zilisema ziletewe pesa kwanza.